Maswali ya Magari: Beetle ya Baba na Golf ya Mwana

Barua zilizofika safari hii zinafanana kana kwamba zimeandikwa na watu wa ukoo mmoja, kwa kuwa karibu zote zinaomba gari la kale lilinganishwe na gari la kisasa. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kubadili maana yake. Kabla ya kuzijibu, niweke sawa maneno. Wapenzi wa magari wa Uingereza wametenga jina maalumu kwa magari yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1919 na 1930, na jina jingine kwa yale yaliyotangulia mwaka 1905. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza miaka 30, limetunzwa katika hali yake ya asili, na halitumiki kwa safari za kila siku. Humu nitakaposema gari la kale nakusudia gari la kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, na pointi za cheche nitakazozieleza mbele, lisilo na kompyuta hata moja; na gari la kisasa ni lile ambalo kompyuta ndiyo inayoamua petroli iingie kiasi gani na cheche itoke lini.

Fundi, shikamoo. Baba yangu ameniachia Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966, ambayo bado inatembea vizuri. Mimi mwenyewe naendesha Golf ya miaka ya karibuni, yenye injini ya silinda 3. Ndugu zangu wamegawanyika: wako wanaoniambia niiuze Golf na kutumia gari la baba kila siku, kwa kuwa halina vitu vya kompyuta vya kuharibika, na wako wanaosema la baba lifunikwe turubai liwe kumbukumbu. Naomba uyalinganishe bila upendeleo. — Mrithi

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba. Magari yako mawili yametoka kwa kampuni moja, na hilo linanirahisishia kazi, kwa maana tofauti tutakazoziona ni za zama, wala si za kampuni.

Injini ya Beetle yako imekaa nyuma, ina silinda 4 zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule, ina ujazo wa sentimita mchemraba 1,285 na hutoa nguvu farasi 40. Golf yenye injini ya silinda 3 ina sentimita mchemraba 999 tu, lakini katika matoleo mengi ya karibuni hutoa nguvu farasi 110. Kwa maneno mengine, injini iliyo ndogo kwa karibu robo inatoa nguvu inayokaribia mara tatu. Nguvu hiyo inatokana na tabo inayosukuma hewa ndani ya silinda, nozeli zinazonyunyiza petroli kwa shinikizo kubwa, na kompyuta inayopanga upya muda wa cheche kwa kila mzunguko wa injini. Golf inazidi kilo 1,200 na Beetle ina kilo 800 hivi, na bado Golf hutosheka na lita 5 au 6 kwa kilomita 100 pale ambapo Beetle huhitaji 8 au 9.

Sasa fungua kifuniko cha nyuma cha Beetle, toa kofia ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, uangalie ndani. Utaona vipande viwili vya chuma vilivyogusana, kila kimoja kikiwa na kichwa kidogo kuliko punje ya mtama. Hizo ndizo pointi. Zungusha injini polepole kwa mkono na utaziona zikiachana kwa nafasi ya milimita 0.4, kisha zikirudiana, na kila zinapoachana, cheche moja inatoka kwenye plagi moja. Kazi ambayo kwenye Golf imekabidhiwa kompyuta, hapa inafanywa na kipande cha chuma kinachopanda na kushuka juu ya mhimili wenye pembe nne. Pointi zikichakaa, nafasi hubadilika, cheche huwahi au huchelewa, na gari linakuwa zito kupanda mlima. Utalijua hilo kwa mguu wako kabla hujafungua chochote, na dawa yake ni bisibisi, kipimo cha bati jembamba na robo saa ya utulivu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ninayoiona kuwa kubwa kuliko ya nguvu na ya mafuta. Gari la kale likiugua linasema siku ileile, na gari la kisasa hujitibu kimyakimya mpaka dawa imwishie. Nitakupa ugonjwa mmoja ambao nimeutibu katika magari ya aina zote mbili, nao ni hewa kupenya kwenye bomba linaloingiza hewa katika injini. Katika gari la kabureta, hewa ya ziada ikipenya kwenye gasketi iliyokauka, mchanganyiko unapungukiwa petroli, na gari likiwa limesimama utasikia mlio wake unapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyepanda ngazi. Ukikanyaga mafuta, linakohoa mara moja kabla ya kuitika. Unanyunyiza maji kidogo kwenye maungio, moja baada ya jingine, na pale mlio unapobadilika ndipo penye tundu.

Katika gari la kisasa lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, hewa ileile ikipenya baada ya sensa hutasikia lolote. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi inaiambia kompyuta kwamba petroli haitoshi, kompyuta inaongeza petroli kidogo, na gari linaendelea kutembea kama kawaida kwa wiki au miezi, huku kompyuta ikiongeza na kuongeza. Inapofika kikomo cha nyongeza iliyoruhusiwa, ndipo taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inasoma msimbo P0171, ambao maana yake ni kwamba mchanganyiko una upungufu wa petroli. Niliwahi kuletewa gari ambalo karakana nyingine ilikuwa imelibadilishia sensa ya oksijeni mara mbili kwa msimbo huo, na taa ilikuwa imerudi mara mbili. Sensa ilikuwa nzima kabisa, nayo ilikuwa inasema ukweli. Kilichokuwa kimepasuka ni mpira mmoja wa hewa, mwembamba kama kidole cha mwisho, upande wa chini ambako jicho halifiki, na mpasuko wenyewe ulionekana tu nilipoukunja.

Kwa hiyo wanaokuambia kwamba gari la baba ni la kuaminika kwa kuwa halina kompyuta wamepata nusu ya jambo. Halina kompyuta, ndiyo, lakini kazi ya kompyuta haikuondoka duniani, imebaki mikononi mwa mwenye gari. Beetle inataka oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, lita 2 na nusu, na haina filta ya oili ila wavu wa chuma unaooshwa. Inataka nafasi ya tapeti, vipande vinavyosukuma valvu, ipimwe injini ikiwa baridi kabisa na pointi zifungwe upya. Haina radieta, inapozwa na feni, na mkanda mmoja wa mpira ndio unaozungusha feni hiyo pamoja na dinamo. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya dinamo inawaka mbele yako, na wengi hudhani ni habari ya betri tu. Taa hiyo ikiwaka ukiwa njiani, zima injini papo hapo, hata kama nyumbani unapaona, maana injini isiyopulizwa hewa haichukui muda kuungua. Weka mkanda wa akiba na spana yake ndani ya gari, siku zote.

Ushauri wangu ni kwamba Golf ibaki kuwa gari la kila siku, na sababu kubwa utaisoma katika jibu linalofuata. Lakini turubai silikubali. Gari lililosimama linaoza likiwa zima: petroli inakuwa gundi ndani ya kabureta, pistoni ndogo za breki zinashikwa na kutu ndani ya silinda zake, na sili zinakauka mpaka zinavuja. Liendeshe angalau kila baada ya wiki mbili, si kwa kuliwasha na kuliacha lingurume uani, bali kwa mwendo wa nusu saa na zaidi, ili oili ipate joto na unyevu uliojikusanya ndani utoke.

Na kabla ya yote, inua mazulia. Bati la Beetle halikupakwa zinki kama mabati ya magari ya leo. Bonyeza kwa bisibisi mikondo iliyo chini ya milango, ile inayopitisha hewa ya joto, kwa kuwa mikondo hiyo pia ndiyo inayobeba bodi. Kisha uinue kiti cha nyuma na uangalie chini ya betri. Bisibisi ikizama, shughuli ya kuchomelea itangulie shughuli ya injini.

Mpendwa Fundi, mume wangu ana gari la mwaka 1962 na husema kwamba magari ya zamani yaliundwa kwa chuma cha kweli, na kwamba yakigongana na haya ya sasa, ya sasa ndiyo yatakayokunjika kama karatasi. Anataka tuwe tunatoka nalo na watoto wetu wawili siku za mapumziko. Halina mikanda nyuma. Je, ana haki? — Mama wa watoto wawili

Dada yangu, mumeo ana haki kwamba chuma chake ni kizito, lakini uzito huo hauwalindi walio ndani. Jambo hili limepimwa mbele ya macho ya watu. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, uso kwa uso lakini kwa upande mmoja wa mbele, kila moja ikiwa katika mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Ukiiangalia Bel Air kwa nje ungeapa kwamba ndiyo itakayoshinda, kwa kuwa ni ndefu, pana na nzito. Chumba chake kilimbana sanamu wa majaribio aliyekaa kwenye kiti cha dereva, usukani na dashibodi vikarudi nyuma vikamfikia, na tathmini ikawa kwamba dereva wa kweli angekufa. Chumba cha Malibu kilibaki na umbo lake, na dereva wake angetoka na maumivu ya mguu.

Sababu yake ni hii. Gari linapogonga, mwendo wote uliokuwa nao mwili wako lazima uishie mahali. Pua ya gari ikijikunja polepole, mwili wako unasimamishwa katika umbali wa kutosha. Pua ikigoma kujikunja, unasimamishwa ghafla, na kinachojikunja ni wewe. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeliwazia gari kama sehemu tatu, mbele na nyuma zikubali kukunjika, katikati pakatae kabisa, na sedani ya kwanza iliyojengwa hivyo ilitoka mwaka 1959. Mwaka huohuo mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa kiti unaoshika bega na kiuno kwa pamoja, na Volvo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Nimelitazama jambo hili mara nyingi na kila mara linanigusa: katika mwaka uleule ambao ile Bel Air iliundwa, majawabu mawili makubwa yalikuwa yamekwisha patikana, ila yalichukua miaka mingi kuwafikia watu wa kawaida. Breki za kompyuta zisizofunga magurudumu ziliwekwa kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, mifuko ya hewa ikafuata katika gari hilohilo mwanzoni mwa miaka ya 80, na mfumo unaolizuia gari lisiserereke kwenye kona ukaja mwaka 1995.

Pamoja na hayo, kabla ya kufika kwenye kugonga kuna kusimama. Magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 60 yana breki za ngoma mbele na nyuma, na mafuta ya breki hupita katika mfumo mmoja tu. Mpira mmoja ukipasuka, pedeli inakwenda hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika, tofauti na gari la kisasa ambalo mifumo yake ni miwili na mmoja ukifa wa pili unasaidia. Mipira hiyo ina ugonjwa mwingine usioonekana kwa nje, nao ni kuvimba kwa ndani kwa uzee, ikapitisha mafuta unapokanyaga na kuyazuia yasirudi unapoachia. Ukishuka baada ya safari na kukuta rimu moja ina moto kuliko wenzake, au gari linavuta upande mmoja, mpira huo umekwisha.

Swali lako la watoto nalijibu bila kuzunguka: wasipande gari hilo mpaka lipate mikanda nyuma iliyofungwa mahali panapostahili. Mtoto asiye na mkanda huendelea kwenda kwa mwendo uleule gari lilipokuwa likienda, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia. Mikanda inaweza kufungwa katika magari mengi ya umri huo, lakini isichimbwe tundu kwenye bati tupu na kuwekwa boliti. Panatakiwa bamba la chuma upande wa pili ili kishindo kitawanyike. Baadhi ya magari yana matundu yenye hesi yaliyotengwa tangu kiwandani, kwa hiyo fundi ayatafute kwanza. Mipira yote ya breki ibadilishwe kwa pamoja, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, kwa kuwa hunywa unyevu hewani.

Mwombe pia asome namba zilizo ubavuni mwa tairi. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huandikwa tarakimu 4 za tarehe, ambapo 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kale hutembea kidogo, basi tairi zake huzeeka kabla hazijawa kipara, na tairi la miaka zaidi ya 10 mimi silipandi hata likiwa linang'aa.

Fundi, nina Morris Minor ya mwaka 1965. Nimeambiwa petroli ya leo inaua injini za zamani kwa sababu haina madini ya risasi. Nifanye nini? — Mwenye Morris

Hofu yako ina asili, ndugu yangu, ila imekuzwa. Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua mwaka 1921 kwamba mchanganyiko wa risasi katika petroli huizuia isigonge ndani ya silinda, na petroli hiyo ikatumika karibu dunia nzima, ikidhuru damu na akili za watoto, mpaka Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa ajili ya magari, ilipoacha mwaka 2021. Risasi ilikuwa na faida ya pembeni: masalia yake yalifunika vikalio vya valvu kama ngozi nyembamba, na katika hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ya chuma cha kawaida kama ya Morris yako, ambayo vikalio vyake vimechongwa kwenye hedi yenyewe, ngozi hiyo ilizuia valvu isikile kikalio.

Dalili ya ugonjwa huu iko mkononi mwako kila unapopima tapeti. Valvu ya moshi ikizama kwenye hedi, nafasi ya tapeti yake hupungua kila mara unapoipima, badala ya kubaki ilipo. Kama unaendesha polepole na nafasi haibadiliki, usifungue kitu. Kama inapungua, hedi ishushwe na itiwe vikalio vya chuma kigumu, kazi inayofanywa mara moja tu. Mwenye Beetle hapo juu hahusiki, kwa kuwa hedi zake ni za aluminiamu na vikalio vya chuma kigumu vilitiwa tangu kiwandani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ethanoli iliyochanganywa katika petroli nyingi za siku hizi. Hulainisha na kupasua mipira ya zamani ya petroli, na mpira unaovuja petroli juu ya injini yenye moto ni hatari ya kuteketeza gari zima. Badilisha mipira hiyo yote kwa ile iliyotengenezwa kuhimili ethanoli, na ukitaka kulilaza gari kwa miezi, kausha kabureta.

Je, si ubinafsi kuendesha gari la kale wakati linachafua hewa? — Msomaji anayejali mazingira

Kwa kilomita moja moja, gari la kale linachafua zaidi, na kwa mbali. Gari la kisasa la petroli lina kichujio cha kemikali kwenye bomba la moshi ambacho kikishapata joto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi zenye sumu. Gari la kabureta linazitoa zote kama zilivyo, na ukisimama nyuma yake utazinusa. Kwa hiyo katika msongamano wa mji, kila siku, asubuhi na jioni, sioni mahali pake.

Lakini tupige hesabu ya hewa ya ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Gari la kale linalotembea kilomita 1,500 kwa mwaka kwa lita 8.5 kila kilomita 100 litatumia lita 128 na kutoa chini ya kilo 300. Gari la kisasa linalotembea kilomita 15,000 kwa lita 6 litatoa zaidi ya kilo 2,000. Kuunda gari jipya nako hutoa tani kadhaa kabla halijatembea hata mita moja, na gari la kale lilikwisha lipa sehemu hiyo miongo mingi iliyopita. Aliye nalo na akaliendesha kwa kiasi, kabureta yake ikiwa imefungwa sawasawa, simwoni kuwa mbinafsi.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Wenzangu wanasema kujifunza gari la kale ni kupoteza muda, kwa kuwa kazi iko kwenye kompyuta. Pia kuna mzee anayetaka nimwekee cheche ya elektroniki na breki za diski kwenye gari lake la kale. Je, nitakuwa nimeliharibu? — Kijana wa karakana

Kijana wangu, nianze na mzee. Breki, mikanda na taa ni vitu vya kuokoa roho, na sitamlaumu mtu aliyeviboresha, mradi hakukata bati na vifaa vya asili vimewekwa kwenye sanduku na kuandikwa majina. Cheche ya elektroniki inayoingia ndani ya distributa ileile haina dhambi, kwa kuwa inatoka kwa skrubu mbili. Lakini mwambie mzee abaki na seti ya pointi ndani ya gari, maana kipande hicho cha elektroniki kikifa hakina matengenezo ya njiani. Nisichokipenda ni kung'oa injini ya asili na kutia ya kisasa. Gari likishafanyiwa hivyo hatuwezi tena kulisikia jinsi lilivyokuwa, na hilo ndilo lililokuwa limebaki kwake peke yake.

Kuhusu wenzako, hawajakosea kwamba kazi iko kwenye kompyuta. Marekani ililazimisha soketi moja ya kupimia kwa magari yote madogo mapya tangu mwaka 1996, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na leo fundi asiyejua kusoma misimbo atakosa wateja. Ila msimbo hutaja dalili, hautaji kifaa kilichokufa. Anayejua maana ya mchanganyiko wenye upungufu wa petroli kwa kuwa aliusikia kwa sikio lake kwenye kabureta hatakimbilia kubadilisha sensa. Tumia miezi sita ya kwanza kwenye gari la kabureta. Fungua, safisha, funga, haribu taimingi, yaani muda wa cheche, kwa makusudi kidogo uone injini inavyolalamika, kisha uirudishe.

Halafu nenda kwenye gari la kisasa ambalo taa yake ya injini haijawaka, chomeka mashine, na usitazame misimbo kwanza. Tafuta ukurasa wa takwimu zinazotembea, uone asilimia ya marekebisho ya petroli ya muda mrefu injini ikiwa na joto na gari limesimama. Ikiwa karibu na sifuri, liache. Ikiwa kompyuta imeongeza asilimia 15 au 18, basi gari hilo tayari linakohoa, ingawa mwenyewe anakuambia halina tatizo. Chukua taa, anza na mipira ya hewa, na kila mmoja uukunje uone upande wake wa chini.